Rekoda ya zamani ya glaida na leptopu yenye USB tu

Kaka pole, umeuliza kwa nini rekoda yako ya glaida (ndege isiyo na injini), ile kifaa kinachohifadhi safari ya ndege, haiungani na leptopu. Hiyo rekoda yenye poti ya siriali ya pini 9 (tundu la zamani la waya wa data) haijafa, shida ni leptopu za siku hizi zina USB peke yake. Tafuta adapta ya USB kwenda siriali na hapa usibanie pesa, mimi nilinunua ya bei chee pale Kampala nikafika nayo uwanja wa ndege wa Kajjansi ikagoma kabisa, kumbe chipu ni PL2303 ya zamani na draiva mpya za Windows (programu za kuendesha vifaa) haziitaki. Chukua yenye chipu ya kampuni ya FTDI, muuzaji akikutolea macho tu ukimuuliza basi hama duka. Ukichomeka ingia Device Manager (orodha ya vifaa kwenye Windows) uone adapta imepewa COM, yaani poti, namba ngapi, ikiwa 12 au 17 ishushe iwe chini ya 10 maana programu nyingine za zamani hazioni namba kubwa, halafu spidi ya kupitisha data ilingane pande zote mbili, kwenye rekoda na kwenye leptopu. Na ssebo (bwana), waya wa siriali hauwashi rekoda, nyingi zinataka betri ya volti 12 pembeni, nilihangaika nusu saa nzima na waya kumbe yenyewe imezima haha