Shangazi, Mbona Bahari Imenyamaza?

*Shangazi, shikamoo. Tulihamia Galveston, Texas, Desemba iliyopita, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tumepanga fleti ya chini, na ghuba ya nyuma ya kisiwa tunaiona dirishani. Huu ndio msimu wetu wa kwanza wa vimbunga. Tuko katikati ya Julai na hakuna hata dhoruba moja iliyopewa jina. Joto linatupika, usiku hakuna upepo hata wa kutikisa pazia, na maji ya bahari ukiingiza mguu ni kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mume wangu anasema mwaka huu tumepona. Jirani yetu, mzee aliyezaliwa hapa, anasema mwaka unaonyamaza hivi ndio unaoua. Mama akipiga simu ananiambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi naamka usiku mara nne kuangalia ramani kwenye simu. Nani kati yao ana haki, na hofu hii niipeleke wapi? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji, maana hata huku bara nilikohamia joto halina adabu.

Nianze na ugomvi wenu wa nyumbani. Mumeo amekosea, jirani amekosea, na mama aniwie radhi, methali yake nzuri lakini hapa haina kazi. Ukimya wa Julai hausemi chochote.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, ila hiyo ni kalenda ya ofisini. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, dhoruba ya kwanza yenye jina hutokea karibu na Juni 20, kimbunga kamili cha kwanza karibu na Agosti 11, na kimbunga kikubwa cha kwanza, yaani cha kiwango cha 3 kwenda juu kati ya vitano vya nguvu ya upepo, karibu na Septemba 1. Kilele chenyewe ni Septemba 10. Wewe umeniandikia Julai. Unamshangaa mgeni kwa kuchelewa wakati saa aliyoalikwa haijafika.

Mumeo msimulie mwaka 1983. Mwaka ule mzima Atlantiki ilitoa dhoruba nne tu zenye majina. Juni kimya, Julai kimya, na bila shaka wanaume wengi walisema tumepona. Ya kwanza ikaitwa Alicia, na Agosti 18 ikakipiga kisiwa hichohicho mnachokaa, kiwango cha 3. Watu 21 walikufa, na vioo vya maghorofa ya Houston vikamwagika mitaani. Akikwambia ni bahati mbaya ya mara moja, mwambie na 1992: dhoruba ya kwanza kupewa jina ilizaliwa katikati ya Agosti, ikaitwa Andrew, na Agosti 24 ikaingia kusini mwa Florida ikiwa kiwango cha 5. Mwaka wenye dhoruba chache haujui ni nyumba ya nani itakayopigwa na hizo chache.

Mzee jirani naye, kwa heshima zake zote, mkumbushe 2013. Watabiri walitangaza msimu mkali, watu wakakesha, na mwaka ukaisha na vimbunga viwili tu, vyote vya kiwango cha 1. Kimya kilikuwa kimya, basi. Halafu 2022 Agosti nzima ilipita bila dhoruba hata moja yenye jina, na Septemba 28 Ian ikaivamia Florida kwa kiwango cha 4. Na 2024 haikunyamaza kabisa: Beryl ilifika kiwango cha 5 Julai 2, mapema kuliko kimbunga chochote kinachojulikana katika Atlantiki. Ukiziweka hizo zote mezani utaona hazipangiki. Mzee anakumbuka miaka iliyomuumiza na kuisahau iliyompita salama. Hata mimi ndivyo nilivyo.

Kuhusu joto, hapo umeuliza jambo la maana kuliko ulivyodhani. Joto na ukimya huo ni watoto wa tumbo moja. Mgandamizo mkubwa wa hewa unapoketi juu ya Texas, hewa hushuka badala ya kupanda. Mawingu hayakui, mvua hainyeshi, upepo unakufa, jua linabaki peke yake na kazi yake. Bahari hulinywa joto hilo wiki baada ya wiki. Kimbunga kinahitaji maji yenye nyuzijoto 26.5 hivi kwenda juu, na Ghuba ya Mexico Julai huwa imeshapita hapo zamani. Kwa hiyo mguu wako haukukudanganya: kuni zimekauka. Lakini kuni hazijiwashi. Lazima zije mbegu, na mbegu nyingi zinatoka kwetu Afrika. Ni mawimbi ya hewa yanayoanzia upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yanavuka Sahel, yanaingia baharini Afrika Magharibi. Kila mwaka hupita kama 60, na mengi hufa njiani. (Ndiyo, mwanangu, vimbunga vya Marekani vina ujombani.) Juni na Julai mawimbi hayo hukutana na vumbi la Sahara, hewa kavu inayoyanyima unyevu, na pepo za juu zinazokatisha dhoruba kichwa kabla haijasimama. Ukiona siku anga la Galveston limekuwa jeupe la maziwa na machweo yamekuwa mekundu kupita kiasi, hilo ni vumbi la Sahara limevuka bahari. Futa gari lako na ushukuru. Kwa kawaida katikati ya Agosti vumbi hupungua, pepo za juu hulegea, na mlango hufunguka.

Sasa simu yako. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami hutoa ramani ya siku saba zijazo mara nne kwa siku. Kwa saa za Texas majira haya ni saa moja na saa saba, mchana na usiku. Ukiamka saa tisa usiku unasoma maneno yaleyale yaliyoandikwa saa saba, na ukiamka tena saa kumi na moja ni yaleyale. Iangalie saa moja asubuhi ukinywa chai, na saa moja jioni ukiosha vyombo. Zaidi ya hapo unajitesa bure. Dhoruba ikishapewa jina watachora na ile pembe inayopanuka mbele yake. Wengi huisoma vibaya. Pembe inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na hata hivyo karibu mara moja katika tatu kitovu hutoka nje yake. Haionyeshi maji yatafika wapi. Ukiwa nje ya mstari usikae ukicheka.

Niliishi Galveston miaka sita, chumba cha chini kama wewe, upande wa ghuba. Nilijua habari za 1900, kila mtu kisiwani anazijua: Septemba 8 bahari ilikifunika kisiwa na zaidi ya watu 6,000 walikufa, wengine husema 8,000. Nilijua kwamba baada ya hapo walijenga ukuta wa bahari wa futi 17. Nikiupita ule ukuta kila asubuhi kwenda kazini, moyo wangu ulitulia. Ukuta ule unatazama Ghuba ya Mexico. Mimi nililala nyuma yake, nikitazama ghuba ndogo, na sikuwahi kujiuliza maji yakizunguka itakuwaje.

Mwaka 2008 Ike ilipokuwa inakuja, Alhamisi Septemba 11 wakaamuru watu waondoke. Jua lilikuwa linawaka. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu nikijiona mjinga. Watu mtaani walikuwa wanasema ni kiwango cha 2 tu, si kitu. Nikapanda basi la kwenda Austin kwa sababu moja tu: rafiki yangu alikataa kupanda bila mimi. Ijumaa asubuhi, upepo mkali haujafika, kimbunga kiko mbali baharini, maji yalikwisha kuingia mitaani na kuifunika barabara ya rasi ya Bolivar, ng'ambo ya kisiwa. Wa huko waliosema wataondoka mchana hawakuwa na pa kupita. Kitovu kilifika usiku wa kuamkia Jumamosi. Ule ukuta ulifanya kazi yake upande wa mbele, na maji yakaja kwa nyuma.

Kisiwa kilifunguliwa kwa wakazi Septemba 24. Alama ya maji chumbani kwangu ilikuwa juu ya swichi ya taa. Friji lilikuwa limelala chali. Harufu ya chumba kile sitaieleza kwenye gazeti linalosomwa wakati wa chakula. Nilikuwa na bima ya vitu vya ndani, nikalipia kila mwezi bila kukosa, nikawapigia simu karibu kwa furaha. Yule kijana akaniambia kwa upole kwamba bima hiyo haihusu mafuriko. Ilikuwa imeandikwa. Sikuwa nimesoma.

Kwa hiyo hofu yako ipeleke hapo, mwanangu, kwenye bima ya mafuriko, na uipeleke wiki hii. Ile ya mpango wa serikali kuu huanza kazi siku 30 baada ya kulipa. Ukinunua katikati ya Julai inakukuta katikati ya Agosti ukiwa umefunikwa. Ukingoja mpaka dhoruba iwe na jina umechelewa. Wewe mpangaji unaweza kukata ya vitu vyako tu, hata hadi dola 100,000, na usimsikilize mwenye nyumba akikwambia ana bima: yake ni ya kuta zake.

La pili, ninyi wa kisiwani mtaondoka. Hilo lisiwe mjadala wa siku ile na mumeo. Kaeni sasa, wakati hakuna kitu, mkubaliane mtakwenda kwa nani na amri gani ikitoka mnawasha gari. Maeneo ya kuhama pale yamepangwa kwa namba za posta na yenu ni ya kwanza kuitwa. Kama gari hamna, pigeni 211 mapema mjiandikishe kwa usafiri. Tangu Agosti tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na karatasi za uhamiaji viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, na hapo simaanishi mifuko mitatu iliyo vyumba vitatu. Fedha taslimu pia, noti ndogo, maana umeme ukikatika kadi ni plastiki tu.

Na usirudi haraka. Beryl ilipofika Texas Julai 8, 2024 ilikuwa kiwango cha 1, wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme katika joto kama hili unalolilalamikia, wengine kwa siku nyingi. Baadhi ya waliokufa hawakuuawa na maji wala upepo. Waliuawa na joto ndani ya nyumba zao. Wewe una watoto wadogo: kaa huko ulikokimbilia mpaka umeme urudi.

Mama akipiga simu tena, mwambie umeshakata bima. Atalala, na wewe utalala.

*Shangazi, mimi niko Houston, karibu kilomita 80 kutoka baharini. Shemeji yangu ananiambia kimbunga kikija nami nikimbie. Nikimbie? – Baba Zuu*

Baba Zuu, hapa wana msemo: kimbia maji, jifiche upepo. Kama namba yako ya posta haimo katika maeneo ya kuhama na nyumba yako ni imara, kaa. Septemba 2005 Rita ilipokuja, watu wa Houston ambao hawakuitwa walikimbia pamoja na wa pwani walioitwa. Foleni ilikwenda kilomita zaidi ya 100, magari yakaishiwa mafuta juani, na watu wengi walikufa kwenye safari ile kuliko kwa kimbunga chenyewe. Ukiingia barabarani bila sababu unamzibia njia Mama Wawili hapo juu.

Lakini kama unakaa karibu na mfereji, au mtaa wako ulijaa maji wakati wa Harvey mwaka 2017, hesabu yako inabadilika. Allison ya Juni 2001 haikuwa hata kimbunga, ni dhoruba tu, na Houston iliogelea. Wapigapicha hukimbilia upepo. Wewe uliza kuhusu mvua.

*Naweza kuwasha jenereta barazani, dirisha likiwa wazi ili hewa ipite? – Fundi, Lake Charles*

Hapana. Dirisha wazi ndilo linaloingiza moshi. Hapohapo kwenu Louisiana, baada ya Laura mwaka 2020, gesi ya sumu ya jenereta (kaboni monoksidi) iliua watu wengi kuliko maji ya bahari. Iweke nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi lielekee kusiko na dirisha la mtu, la jirani likiwemo. Nunua na king'ora cha gesi hiyo cha betri, ukining'inize karibu na vyumba vya kulala. Ukinunua sasa dukani hakuna foleni.