Maswali ya Wasomaji: Je, Wajerumani Walimchagua Hitler?

SWALI: Mwalimu wetu anasema Hitler aliingia madarakani kwa kura. Mwenzangu anasisitiza kwamba alipindua serikali. Na karibu kila daftari ninaloazima limeandika kuwa mfumuko wa bei wa 1923 ndio uliomleta. Nishike lipi? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Tuanze na hilo la 1923, maana ndilo linalowaponza wengi. Kweli, Novemba mwaka huo dola moja ya Marekani ilifika marki trilioni 4.2. Lakini sarafu mpya ilitolewa mwezi huohuo na bei zikatulia. Uchaguzi wa Mei 1928 ulipofika, chama cha Nazi, chama cha Hitler, kiliambulia asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Kama mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler, basi ulichelewa mno kufanya kazi.

Mambo yalibadilika baada ya mdororo wa 1929. Mwanzoni mwa 1932 waliosajiliwa kuwa hawana kazi walipita milioni 6. Na safari hii bei hazikuwa zikipanda, zilikuwa zikishuka, huku serikali ya kansela Heinrich Brüning ikikata mishahara na matumizi. Ukizichanganya hali hizi mbili katika insha, umekosea sababu yenyewe, si mwaka tu.

Sasa fuata kura kwa mpangilio. Septemba 1930: asilimia 18.3, viti 107. Julai 1932: asilimia 37.3, viti 230 kati ya 608. Hapo Wanazi ndio chama kikubwa kuliko vyote, ila nusu hawajaifikia. Novemba 1932 wakateremka hadi asilimia 33.1, viti 196 kati ya 584. Yaani Hitler alipopewa ukansela, yaani uongozi wa serikali, tarehe 30 Januari 1933, kura zake zilikuwa zimepungua. Aliyempa ni Rais Hindenburg, baada ya kushawishiwa na kansela wa zamani Franz von Papen na wenzake, waliodhani watamtumia kisha wamdhibiti. Katika baraza lile la mawaziri Wanazi walikuwa watatu tu, Hitler mwenyewe akiwemo.

Kwa hiyo andika hivi: aliteuliwa kihalali akiwa na kura nyingi zisizotosha, kisha akaubomoa mfumo kutokea ndani. Jengo la Bunge liliungua tarehe 27 Februari. Kesho yake amri ya dharura ikasimamisha uhuru wa raia. Hata uchaguzi wa tarehe 5 Machi, uliofanyika kwa vitisho, ulimpa asilimia 43.9 tu. Sheria ya kumpa mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge ilihitaji theluthi mbili. Ikapita tarehe 23 Machi kwa kura 444 dhidi ya 94. Waliokataa ni wabunge wa SPD, chama cha Wasoshalisti. Wakomunisti walikwisha kamatwa au kuzuiwa wasiingie.

Mtahini mzuri atauliza kwa nini mrengo wa kushoto haukuungana. Novemba 1932 SPD ilikuwa na viti 121, Wakomunisti 100. Jumla 221, zaidi ya Wanazi. Lakini tangu 1928 Moscow iliwaelekeza Wakomunisti wamhesabu Msoshalisti kuwa fashisti wa aina nyingine, na Wakomunisti walikuwa hawajasahau kuuawa kwa viongozi wao Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht Januari 1919, serikali ikiwa mikononi mwa SPD. Tahadhari moja: usiandike kwamba wangeungana wangeunda serikali. Viti 221 kati ya 584 si nusu. Wangeweza kumzuia mtu. Kutawala ni jambo jingine.

SWALI: Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba? – Msomaji, Tanga

JIBU: Urusi ilitumia kalenda ya zamani ya Juliasi, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa nyuma kwa siku 13. Ongeza 13: 25 Oktoba 1917 inakuwa 7 Novemba. Kalenda ilibadilishwa 1918. Siku iliyofuata 31 Januari ikaitwa 14 Februari.

Kosa huja pale unapochota tarehe kutoka vitabu viwili. Mapema mwaka huohuo wa 1917, wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, waligoma Siku ya Wanawake, 8 Machi kwa kalenda mpya. Mfalme Nikolai wa Pili alijiuzulu 2 Machi kwa kalenda ya zamani. Ziweke tarehe hizo katika aya moja bila kuzibadili, na tayari umemwondoa mfalme siku sita kabla ya mgomo uliomwangusha! Kwa kalenda mpya alijiuzulu 15 Machi. Chagua kalenda moja, itaje kwenye mstari wa kwanza wa insha, usiiache hadi mwisho.

SWALI: Ukomunisti, Ufashisti na Unazi vyote ni udikteta. Tofauti iko wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Muulize kila mmoja: kiwanda ni cha nani, na adui ni nani? Chini ya Stalin, Mkomunisti wa Urusi, tangu mpango wa miaka mitano ulioanza 1928, viwanda vilikuwa vya dola, yaani serikali, na mashamba yakaingizwa katika ushirika kwa nguvu. Adui alikuwa tabaka. Ujerumani ya Wanazi, kampuni kubwa kama Krupp na IG Farben zilibaki za wenyewe alimradi zizalishe kile serikali ilichotaka. Adui alitajwa kwa damu, yaani Myahudi, na Sheria za Nuremberg za 1935 ziliandika hivyo waziwazi. Mussolini, Mfashisti wa Italia, naye aliwaachia matajiri mali zao na kuvunja vyama huru vya wafanyakazi, ila alichokitukuza ni dola. Sheria zake za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilikuja 1938, miaka 16 baada ya kushika serikali, kwa hiyo usizihesabu miongoni mwa sababu za kupanda kwake 1922.