Lebo mpya kwenye traka ya bagi: mi ningeanza na moja tu

Ndugu, umeuliza kama kwenye traka ya bagi, yaani mfumo wa kupokea ripoti za hitilafu za programu, timu yenu iongeze lebo (alama za kupanga ripoti) tatu za kudumu kwa projekti zote, yaani "haraka", "mtandao" na "simu ndogo". Mi niko kwenye timu inayotunza programu ya kukata tiketi za boti za Mokowe na Amu (kisiwa cha Lamu), na jibu langu ni kwamba lebo isiwe ya kudumu mpaka mjue nani atafungua orodha yake na afanye nini nayo.

Chukua hiyo "mtandao". Kwetu ilikuwepo, ukiifungua unamkuta abiria yuko gatini amelipa kwa simu, pesa zimekatwa, tiketi haikutoka, kabonyeza tena kakatwa mara ya pili. Chini yake nahodha, akishaondoka gati orodha ya abiria haifunguki. Alafu mwengine analalamika ratiba inachelewa kufunguka. Wote wanasema mtandao na wana haki ya kusema hivo, lakini la kwanza ni la seva, ilikuwa inatuma ombi jipya la malipo bila kuangalia kama lile la mwanzo bado linasubiri jibu, la pili ni la kuhifadhi data ndani ya simu, na la tatu ni uzito wa picha. Tukaivunja, ikawa "malipo" na "bila mtandao" na hilo la picha likaenda na bagi za kawaida. Ya "malipo" kuna dada mmoja huifungua kila asubuhi kabla hajagusa kitu chengine, manake hiyo ni pesa ya mtu.

"Haraka" mi siitaki kabisa. Wiki ya Maulidi watu wanavyomiminika Amu, kila ripoti ni ya haraka kwa alieileta, mwisho wake lebo iko kila mahali na haichuji chochote. Tumieni kiwango cha kipaumbele, kimoja kwa kila ripoti, na akiweke anayepokea ripoti.

Debian, wale wanaotengeneza mfumo wa kompyuta wa bure, wana utaratibu naupenda sana. Wana tagi rasmi chache, kama patch (marekebisho yameambatanishwa) na moreinfo (maelezo zaidi yanahitajika), alafu kuna usertags, ambazo mtu yeyote anajitungia chini ya anwani yake ya barua pepe bila kumuomba ruhusa mtu. Kwa hivo wazo linajaribiwa kazini kabla halijawabebesha wengine. Nanyi jaribuni kwenye projekti moja mwanzo, mkiona watu wanaitumia bila kukumbushwa ndo muipeleke kwengine.

Na kama msimbo na ripoti zenu mnaziweka kwenye tovuti ya GitHub, repo mpya (hifadhi ya msimbo wa projekti) inakuja na lebo 9 tayari, ziangalieni mwanzo. Lebo za msingi mnazoweka kwenye akaunti ya shirika zinaingia kwa repo mpya tu, zile za zamani mtaziwekea wenyewe, kwa mkono au kwa skripti. GitLab, tovuti nyengine ya kazi hiyo hiyo, kuna lebo za grupu, hizo zinafika projekti zote za grupu. Pia ukifuta lebo inatoka kwa ripoti zote zilizokuwa nayo, ukibadilisha jina zinabaki, kwa hivo mkiichoka ibadilisheni jina.

"Simu ndogo" naiunga mkono, maana umesema mna kijana anayejaribu programu kwenye simu za RAM kidogo, basi orodha ishapata mwenyewe. Andikeni tu kwenye maelezo ya lebo RAM kiasi gani ndo ndogo, la sivyo kila simu iliyoganda itatiwa humo.