Paneli za perovskaiti: risasi ipo, lakini tazama kiyeyushi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sola, Majengo, Moshi. Mteja kaniambia zinakuja paneli za perovskaiti, zinapakwa kwenye kioo kama rangi, tena kiwanda chake hakichafui mazingira. Mwenzangu anasema ndani mna risasi, ile metali ya kwenye betri, ni sumu tupu. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, fundi. Wote wawili wamesema kweli nusu.

Silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, huyeyushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Perovskaiti, aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme, huiva kwa nyuzi 100 hadi 150, hata tanuri la mikate huwa na moto kuliko huo. Chumvi za risasi na iodini huyeyushwa zikawa wino wa njano, wino ukapakwa, ukakaushwa, ukageuka mweusi. Utando wake ni kama nusu maikromita tu, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita.

Kwa wembamba huo, risasi ya mita moja ya mraba haifiki gramu 1. Betri ya gari unayoibeba begani ina kilo kadhaa! Ila usiidharau: ile ya paneli ni chumvi, na maji ya mvua huiyeyusha kirahisi. Ndiyo maana hufungwa katikati ya vioo viwili, kingo zikazibwa. Waliojaribu metali ya bati badala ya risasi wamepata paneli dhaifu, inayoharibika upesi ikiguswa na hewa.

Kinachonisumbua mimi ni kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia chumvi hizo ziwe wino, ambacho mteja hakioni kabisa. Kilichozoeleka ni DMF, kemikali inayodhuru ini na uzazi. Umoja wa Ulaya uliibana kwa masharti kuanzia Desemba 2023. Maabara hupaka wino kwa kuzungusha kioo kwa kasi, na sehemu kubwa ya wino huruka nje kama tope la gurudumu la Noah wakati wa masika. Kwenye kipande cha ukubwa wa stempu si neno. Kwenye paneli ya mita mbili, hayo ni mapipa ya taka zenye sumu. Kwa hiyo kiwandani hutumika mdomo mrefu mwembamba unaomimina wino huku kioo kikipita chini yake, na karibu wote hubaki kiooni.

Kazi ni kukausha. Umewahi kupika chapati za maji? Ukichelewa kutandaza, upande mmoja umeshashika, mwingine majimaji, katikati matundu. Kwenye paneli, tundu ni njia ya umeme kuvuja. Maabara humwagia klorobenzini ili fuwele zishike haraka, nayo ni sumu nyingine. Njia ninayoipenda ni kupuliza hewa kavu au kunyonya mvuke kwa pampu: hakuna kemikali inayoongezwa.

Kuna viyeyushi vyenye nafuu. DMSO haina ukali wa DMF, lakini hupenya ngozi na inaweza kuingia na risasi iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo glavu za kubahatisha hazifai. Gama-valerolaktoni inaweza kutengenezwa kutokana na makapi ya miwa, kama yale ya kiwanda cha sukari cha TPC hapo Arusha Chini. Kasoro yake ni kukauka polepole, maana huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 200.

Mteja akikuletea paneli hizo, ulizia dhamana kwanza. Za silikoni huja na miaka 25. Ya perovskaiti ikifa baada ya mitano, kioo chote hicho kimetengenezwa bure. Na ikipasuka, ifunge kwenye turubai kabla mvua haijaipata, umrudishie muuzaji.