Neno lililobaki nje ya herufi 100

Juzi kijana mmoja wa Lindi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina matangazo marefu kwenye databesi. Ukurasa wa mwanzo nikate herufi ngapi ili yapendeze?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili, maana swali hilohilo liliwahi kuniumbua hapa Mtwara.

Nilikuwa nimetengeneza tovuti ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Niliipenda kazi ile. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na visanduku sita vya matangazo vilivyolingana, kila kimoja herufi 100, nukta tatu, na "Soma zaidi". Msimu ukafungua. Katibu akaweka tangazo hili:

"Wanachama wote mnatangaziwa kuwa mnada wa korosho uliopangwa kufanyika siku ya Ijumaa saa 3 asubuhi katika viwanja vya ghala kuu umeahirishwa hadi Jumapili."

Hesabu mwenyewe. Herufi ya 100 inaangukia kwenye nafasi baada ya "asubuhi". Hakuna neno lililokatika, sentensi inasomeka vizuri kabisa, na inasema mnada upo Ijumaa. Umeahirishwa imebaki nje.

Ijumaa wakaja. Mzee mmoja alitoka kijijini huko uwanda wa Makonde, kapanda bodaboda gizani, kwa sababu mjukuu wake alimsomea tangazo kwenye simu. Kwa mkulima, mnada si sherehe ya kutazama. Korosho yake iko ghalani, na pale ndipo wanapoikubali bei au kuikataa. Aliniambia tu, "Mwanangu, mbona mmetuita?" Viongozi walinisema mbele za watu, na mkataba wangu ukaishia hapo. Maneno ya viongozi nimeshayasahau. La mzee ninalo mpaka leo.

Nilirudi nyumbani nikiamini tatizo ni msimbo, nikaurekebisha wiki nzima. Haya niliyoyapata ni ya kweli kwa PHP, lugha niliyojengea tovuti ile, yachukue. Ondoa tagi (alama za HTML za kupamba maandishi) kwanza kwa strip_tags, la sivyo utakata katikati ya maandishi mazito (bold) na ukurasa mzima uwe wa maandishi mazito. Kata kwa mb_substr, si substr, kwa kuwa substr inahesabu baiti, si herufi: kile kikato (apostrofi) kilichopinda cha "ng’ombe", anachokileta katibu akinakili kutoka Word, kinakula baiti 3, na ukikipasua kinatoka kialama cha ajabu. Rudi nyuma hadi nafasi ya mwisho, maana maneno yetu ni marefu na "hawatalipwa" ikibaki "hawata" haimsaidii mtu. htmlspecialchars, inayogeuza alama kama ' kuwa msimbo wa HTML, iwe ya mwisho. Ukitanguliza hiyo, utakuja kukata ' vipande viwili. Na text-overflow ya CSS, ile lugha ya mwonekano wa ukurasa, inaficha tu: maandishi yote yanasafiri hadi kwenye simu ya mkulima na kumla bando.

Nilipomaliza nikaliingiza tena tangazo lile. Likatoka vilevile, neno kwa neno.

Kiswahili cha matangazo kinaanza na salamu na wahusika, kinapita mahali na saa, ndipo kitoe habari. Hakuna hesabu itakayojua kwamba neno la ishirini na moja ndilo lililobeba safari ya mzee. Mdogo wangu, usiniulize herufi ngapi. Ongeza safu ya muhtasari kwenye jedwali, aijaze aliyeandika tangazo: "Mnada wa Ijumaa umeahirishwa hadi Jumapili." Kukata kubaki kwa habari za zamani zisizo na muhtasari. Tunaojenga tovuti huku tunapenda visanduku vilingane, tunasahau kwamba kuna watu wanaolipa nauli kwa kile wanachokisoma humo.

Fomu zangu siku hizi hazihifadhi tangazo kama muhtasari uko wazi. Katibu mmoja alilalamika kwamba nimempa kazi mara mbili. Nilimsomea zile herufi 100 za kwanza, nikamuuliza mnada upo au haupo. Akasema upo, Ijumaa, saa 3.