Vilima bapa vya Mirihi si lava

Ndugu, umesema vilima bapa vya sayari ya Mirihi ni lava iliyopandana kama ya volkano ya Nyiragongo hapa Goma. Hapana, si lava. Vilima vya Murray Buttes huko Mirihi, ambavyo Curiosity, roboti ya NASA inayotembea huko, ilivipiga picha mwaka 2016, ni jiwe la mchanga: matuta yaliyorundikwa na upepo, kisha madini ya maji ya ardhini yakayashikamanisha. Angalia matabaka yake, yamelala mshazari na kukatana. Lava haijipangi hivyo, na mara nyingi huacha vitundu vya gesi. Vilele ni bapa kwa sababu jiwe gumu la juu hukinga lile laini, huku pembeni pakimomonyoka. Ila usijumlishe Mirihi yote: kuta za korongo la Valles Marineris, refu kupita kilomita 4,000, zina matabaka mengi yanayodhaniwa kuwa lava kweli.