Hukuniuliza habari ya maji

Mama,

Najua hupendi nikuite hivyo mbele ya wenzako, lakini jina la mama yangu umelibeba wewe, na sitaliacha eti kwa sababu umefika miaka 34.

Jumapili ulisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, ukaniuliza: "Baba, unaonaje, magoti yangu yatahimili ile mbio ya Mont Blanc?" Nikakwambia nitafikiria. Ukacheka, ukaenda zako. Nimefikiria siku nne sasa, na nakujibu kwa karatasi kwa sababu ana kwa ana ungenikatiza kabla sijafika mteremkoni.

Magoti muulize daktari aliyeyapiga picha. Nilivyosikia mimi, goti la mtu anayekimbia kwa kiasi haliharibiki upesi kuliko la yule anayeshinda ameketi ofisini. Ila kilomita 170 za mbio hiyo si kiasi, hata ulipambe vipi neno hilo. Basi, magoti yameisha. Ningependa ungeniuliza habari ya mapaja.

Mlimani unavuta, mteremkoni unavutwa. Haya, geuza macho juu kama kawaida yako. Nilivuta mkokoteni kutoka Marikiti miaka 9 kabla mama yako hajanikubali, na sikuwahi kuumia nikipanda. Ukipanda na magunia 6 ya viazi unainama, unahema, jasho linakuingia machoni, lakini ukichoka unasukumia jiwe chini ya gurudumu na kupumzika. Mzigo unakungoja. Mteremkoni mzigo haumngoji mtu. Pale kushuka kuingia Gikomba unaegemea nyuma, unainua mikono ya mkokoteni ili kile kipande cha tairi kilichofungwa kwa nyuma kikwaruze lami, unapiga mluzi watu wapishe, na mapaja yanatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Kesho yake huwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Sikujua sababu mpaka uliponieleza wewe mwenyewe: ukishuka, msuli wa paja unavutwa kurefuka na huku umekaza, unafanya kazi ya breki, na kazi hiyo ndiyo inayouchanachana.

Sasa ile karatasi ya mbio uliyonionyesha kwenye simu. Mnaondoka Chamonix kule Ufaransa Ijumaa jioni, mnauzunguka huo mlima wa Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi, mnarudi Chamonix. Kilomita zaidi ya 170, kupanda kama mita 10,000, muda wa mwisho saa 46 na nusu. Nilipiga hesabu: ni kama kutoka ufuoni Mombasa hadi kilele cha Mlima Kenya mara mbili, kasoro kidogo. Uliyataja hayo kwa fahari na mimi nikajivuna nawe, sikatai. Lakini mnarudi mlikotoka! Kila mita mtakayopanda mtaishuka. Mbona hiyo haikuandikwa kwa herufi kubwa? Hewa haitakusumbua, maana vipito vya juu kabisa kule vinazidi kidogo tu vilele vya Ngong, na wewe umekulia hapa Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kitakachokutesa ni mteremko wa usiku wa pili, macho hayajalala, ule usiku ambao watu wazima wenye akili zao huona mawe yamegeuka wazee waliokaa kando ya njia.

Kwa hiyo usiniambie unafanya mazoezi kwenye msitu wa Karura. Karura ni kuzuri, na Profesa Wangari Maathai alimwaga damu yake pale mwaka 1999 ili tubaki nako, lakini mabonde yake ni madogo. Nenda Ngong ushuke. Shuka mpaka uumie, pumzika wiki nzima, kisha rudi ushuke tena. Mara ya pili msuli unakuwa umeshajifunza.

Nimejipeleka Ngong mwenyewe, na hapo ndipo sikutaka kufika.

Ile mbio ya kilomita 80 uliyokimbia pale. Mama yako na mimi tulikuwa kituo cha kilomita ya 62, upande wa Kona Baridi, na chupa ya chai na nduma zako. Mchana ule jua la bondeni lilichoma, tukawa tumekubaliana kwamba utafika umekauka. Ulifika linazama. Ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Ukatapika. Ukaita jina la kaka yako huku unanitazama mimi. Na mimi, kwa kuwa nilijua (nilijua!), nikakushika kidevu nikakunywesha maji. Chupa ya lita moja, yote. Ukasema hutaki. Nikakwambia acha utoto. Nikaenda kujaza nyingine.

Yule msichana wa huduma ya kwanza alikuja akakushika mkono. Akajaribu kuizungusha pete yako, ulikuwa bado unaivaa, ikakataa kuzunguka. Akauliza umekojoa lini. Akauliza tangu asubuhi umekunywa kiasi gani. Hukuweza kumjibu, akaangalia chupa zako, akamuuliza mama yako. Halafu akaichukua chupa mkononi mwangu. Hakuninyang'anya, aliichukua tu, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. "Mzee, tusimpe maji tena."

Uliyojifunza kitandani siku zile mimi nilijifunza pale nimesimama. Katika taabu ndefu namna ile mwili unaweza kuziamuru figo zisitoe maji, na mtu akizidi kunywa kupita kiu yake, chumvi ya damu inazimuka, maji yanaingia ndani ya seli, vidole vinavimba. Ubongo nao unavimba, na fuvu halitanuki. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa: dalili zinafanana mno na za mtu aliyekauka. Dawa ndiyo kinyume. Alivuruga vidonge 4 vya supu ndani ya nusu kikombe cha maji, akakunywesha chumvi ile funda moja moja huku umekunja uso. Gari la wagonjwa likawashwa, likasubiri. Ukaenda kukojoa. Ukaenda tena. Uliporudi ukauliza kama nduma zimebaki.

Mama yako huisimulia habari hii kwa kicheko, na huishia penye nduma. Mimi huishia penye chupa.

Baadaye nilimsumbua kaka yako anitafutie habari. Akanisomea kwamba katika mbio za Boston, Marekani, za mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliofika mwisho, na asilimia 13 yao chumvi ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Hao ni watu wa kilomita 42, barabara ya lami, mchana kweupe. Nikapata nafuu kwamba hatukuwa wajinga peke yetu. Kisha nikaona haya kwa kupata nafuu.

Kaka yako ndiye pia aliyeniletea habari ya Gordy Ainsleigh. Huko California kulikuwa na mbio za farasi za maili 100 milimani. Mwaka 1973 farasi wake alianza kuchechemea akatolewa njiani, basi mwaka 1974 Ainsleigh akaingia kwa miguu yake mwenyewe katikati ya farasi na akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Wengi huhesabu huo ndio mwanzo wa mbio zenu hizi za maili mia, alisema. Kila anayesimulia anamsifu mtu. Mimi nilibaki nikimfikiria farasi. Katika mbio zile farasi hupimwa vituoni na daktari wa mifugo, na akionekana hafai kuendelea anatolewa, hata mwenyewe agaegae chini. Farasi ana wakili. Wewe utakuwa na nani? Kule wanaruhusu mtu wako akuhudumie katika vituo vichache, Courmayeur ni kimojawapo. Nani atasimama pale na ruhusa yako, uliyompa mapema akili zako zikiwa timamu, ya kukwambia imetosha?

Haya, nijijibu mwenyewe kabla hujanijibu. Wakili wako Kona Baridi nilikuwa mimi, na nusura wakili amzike mteja. Pengine basi mtu anayekupenda ndiye asiyefaa kukaa kituoni, maana anakuona vile alivyokuogopea tangu asubuhi. Lakini asiyekupenda atakaa kwenye upepo ule saa ngapi? Yule msichana hakutokea tu. Aliitwa na mama yako, nilipokuwa nimeenda kujaza chupa ya pili. Mimi sikumwita mtu. Nilikuwa na hakika, na mwenye hakika haiti mtu. Mlimani unavuta, mteremkoni unavutwa: siku ile mzigo ulikuwa umeshanisukuma mgongoni na mimi nadhani ni mimi ninayeuendesha.

Lakini nitakuwa mwongo nikikuandikia mabaya peke yake. Mwaka uliofuata ulirudi palepale. Ulimaliza wa mwisho kasoro wawili, umeshikana mikono na mwanamke mmoja mgeni ambaye mlikuwa mkisukumana kwa maneno tangu alasiri, kila mmoja akimwambia mwenzake ndiye atakayeacha kwanza. Kucha mbili nyeusi. Malengelenge yamepasuka ndani ya soksi. Ukaketi kwenye nyasi ukala viazi vya kuchemsha ukivichovya kwenye chumvi kama mtu aliyekaribishwa harusini. Nikakuuliza umepata nini huko. Ukasema, "Baba, kuanzia kilomita ya 65 kelele yote ilinitoka. Kazi, deni la nyumba, yule mtu. Nikabaki na mguu huu na mguu huu."

Sikukujibu, nilijifanya natafuta funguo. Nilikuwa nimeona barabara ya Landhies, saa saba mchana, mzigo umeshushwa, mkokoteni mtupu. Nilikuwa naukimbiza, magurudumu yanaruka, nikidandia mikono yake nabebwa hatua tatu nne hewani kisha naangukia miguu yangu tena. Nilikuwa na njaa, na mwenye chumba alikuwa amenifungia mlango kwa kodi. Kichwani hamkuwa na kitu. Nina duka la mbao leo, nina nyumba Dagoretti, na sijapata kuwa vile tena. Mama yako hajui habari hii, maana nikimwambia atauliza kwa nini haikuwa siku ya harusi yetu.

Sasa uende? Nimeandika jibu hapa mara mbili na mara mbili nimelifuta kwa kalamu. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona, usifanye hivyo. Mama yako, ambaye anasoma nyuma ya bega langu, ananikumbusha kwamba hukuniuliza kama uende. Uliniuliza magoti. Ni kweli, na wewe ni mtu mzima, na huo mlima hauko Ngong niupande na chupa ya chai. Nasema tu kwamba mtu mwenye mtoto wa miaka 5... Hapana. Hilo nalo nimelifuta. Nilikuwa na watoto wawili wadogo nilipoacha mkokoteni na sikuuacha kwa ajili yenu, niliuacha kwa sababu uliibiwa.

Mjukuu wangu hajambo. Alikohoa kidogo usiku wa Jumanne, tukampa asali na tangawizi, kimekwisha. Jana alizunguka ua mara 14 akiwa amevaa tochi yako ya kichwani mchana, akaja kunidai supu.

Mama yako anauliza kama vile vidonge vya supu vinapatikana huko Ufaransa au tukufungie vya hapa. Nimemwambia vya hapa ndivyo tunavyojua kipimo chake.

Ni mimi,
Baba yako